Nani Alianza

Yowe lile nililipiga mimi. Naliweka mwanzoni kwa sababu mtu aliyenifundisha kutazama filamu asingenisamehe kama ningelificha katikati ya habari, na kwa sababu lilimgharimu macho yake.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mhakiki wa filamu wa gazeti moja la kila wiki. Safu yake aliiandikia katika banda la video karibu na stendi ya Bariadi, kwenye benchi la nyuma, daftari likiwa gotini. Nilimfuata kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili kuhusu watazamaji wa mabandani. Nilikusudia wiki mbili, nikakaa naye misimu miwili ya pamba. Kila filamu ilipofika kwenye mapigano alinyanyua mkono, na mwenye banda, mwanafunzi wake wa zamani, akasimamisha picha.

"Nani alianza?"

"Mzee, tuache tuone ngumi!"

"Ngumi mtaziona, hazikimbii. Nani alianza?"

"Mwenye kofia!"

"Huyo tumemkuta tayari anapiga. Rudisha nyuma."

Ilirudishwa, watu wakizomea, mpaka kwenye neno au jicho la dharau lililowasha moto. Hapo ndipo alipoanzia uhakiki wake, kila mara. Mimi aliniita msomi, kwa utani.

Siku ya mnada wa ng'ombe tulitoka bandani mapema kwenda kula nyama. Katikati ya watu nilipapasa bega, mfuko haukuwapo. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti chenye mahojiano yangu yote. Hatua kumi mbele, kijana mmoja alikuwa akienda upesi, mfuko wa rangi ileile mgongoni. Nimeupima muda ule mara nyingi. Ulitosha kumwita, ulitosha kumfuata, ulitosha hata kujiuliza mfuko nilikuwa nao wapi mara ya mwisho.

"Mwizi!"

Kwetu yowe la namna hiyo huitwa mwano, na anayelisikia akabaki amekaa huenda akajieleza mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Nimezaliwa huku, nililijua hilo. Nilijua pia kwamba mnadani kila mwanamume ana fimbo ya kuswagia mkononi.

Fimbo ya kwanza ilimpata kijana kwenye taya, niliusikia mfupa. Alipiga magoti, zikafuata nyingine, mgongoni, vidoleni, kisogoni. Mtu mmoja aliyekuwa akinunua ndama aliiachia kamba, akapiga mara mbili, akarudi kuishika kamba yake. Ng'ombe waliinusa damu wakaanza kulia, ule mlio mzito wanaoutoa penye machinjo.

Mzee aliniacha nimesimama. Alipenya, akamlalia kijana.

"Simamisheni!" alipaza sauti ileile ya bandani.

Fimbo iliyokuwa hewani haikusimama. Ililipasua jicho lake la kulia. La kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho kwa miaka. Walipomtambua waliacha, wengine kati yao alikuwa amewafundisha kusoma.

Mfuko wangu ulikuwa kwenye benchi la nyuma bandani, nilipouacha.

Siku tisa hospitalini nilimnywesha uji na kumsomea magazeti, na siku zote tisa sikusema. Nilijijengea hoja: kwamba yowe si fimbo, kwamba umbali kati ya neno na mfupa una watu wengi ndani yake. Zilikuwa hoja nzuri. Siku ya kumi aliniambia, "Msomi, mwanzo wake sikuuona. Nisimulie."

Nilianza na fimbo iliyovunja taya.

"Huyo tumemkuta tayari anapiga," alisema chini ya bandeji. "Rudisha nyuma."

"Mzee..."

"Nani alianza?"

"Mimi. Mfuko ulikuwa bandani."

Aliupapasa mkono wangu, akaupata, akaubana mpaka kucha zake zikaingia. Hakuuachia haraka.

"Kijana umemwambia?"

"Bado."

"Basi hujasimulia."

Aliishi miezi saba baada ya hapo. Nilimsimulia filamu karibu kila siku, naye kabla ya filamu aliuliza, "Umekwenda?" Nilikuwa na sababu mpya kila mara. Alifariki pamba ilipoanza kupasuka, na sikuwa nimekwenda.

Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda Nkoma, kijijini kwa yule kijana. Alikuwa uani akichambua pamba, taya limeunga upande. Nilimwamkia, nikakataa kigoda, nikaanzia kwenye yowe. Aliinuka, akachukua fimbo ukutani, akanipiga begani kwa nguvu zake zote. Nilianguka juu ya pamba. Aliinyanyua tena, akabaki nayo hewani, akihema, kisha akaitupa.

"Yule mzee aliyenilalia," alisema, maneno yakitoka kwa shida, "yuko wapi?"

Nikamwambia tulikomzika.