Nyenga wa Bi Shamimu Ahama

Umma wa Tabora, kuanzia Cheyo hadi Isevya, unatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba mji huu sasa una mtaalamu wa kuhamisha nyenga. Ndiye wa kwanza, ndiye wa pekee, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda huenda akawa wa mwisho. Jina lake ni Emilian Masolwa, mzaliwa wa Usoke, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, cheti cha darasa la saba, na kovu la bani la kukaushia tumbaku kwenye kiwiko. Vyeti vingine hana, na hakuna aliyemwuliza.

Nyenga, kwa wasiomjua, ni samaki bapa kama chapati iliyoota mkia, na mkiani ana mwiba wenye sumu. Jamaa zake wengi huishi baharini, lakini huyu ukoo wake ni wa mito ya Amerika ya Kusini. Kufika kwake kwenye nyumba ya wageni ya Bi Shamimu, mbali na bahari yoyote ile, ni kazi ya kaka yake Bi Shamimu aliyeko Dar, mtu anayependa kutoa zawadi zinazosumbua. Samaki akawekwa mapokezi kwenye tangi la kioo, chini ya picha ya msafara wa pembe za ndovu iliyochorwa ukutani, na akatafutwa wa kumtunza. Emilian alikuwa mlinzi wa getini. Alichaguliwa kwa sababu siku hiyo ndiye pekee aliyekuwa macho.

Kazi ile ilimgeuzia maisha. Miaka kumi na mmoja alikuwa analala getini na rungu lake, na mkewe Pelagia anampokea asubuhi kama msafiri aliyeteremka kwenye treni. Sasa alifanya kazi mchana, akiwa amekaa kwenye kiti, na jioni alikula ugali wa moto nyumbani kwake. Pelagia alishaanza kumzoea, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa yeyote kati yao.

Ndipo Bi Shamimu akanunua tangi kubwa zaidi, akaliweka ukumbi wa chakula.

"Mzee Emilian, mhamishe taratibu," alisema. "Akifa, geti unalijua lilipo."

Babu zake Emilian walibeba meno ya tembo kutoka huku hadi pwani, mwendo wa miezi. Yeye alipewa hatua saba, naye akajiandaa kama anayekwenda Bagamoyo.

Alichokuwa anakijua ni tumbaku, na tumbaku ina sheria zake. Ukishahamisha miche kwenda shambani, kitalu cha zamani hakiachwi. Masalia yanang'olewa yanachomwa moto, maana magonjwa hujificha humo. Bwana shamba aliwahi kumfokea kwa kosa hilo mbele ya chama kizima cha wakulima, na Emilian si mtu wa kufokewa mara mbili. Basi akalisugua tangi jipya hadi likang'aa, akalijaza maji ya bomba, akamhamisha nyenga kwa beseni. Wakafuata wenzake: perege wanne wa bwawa la Igombe, ambao Bi Shamimu aliwatia kwenye tangi la zamani ili nyenga asione upweke, na samaki mmoja mweusi mwenye mdomo chini ya kidevu, anayeshinda ananyonya uchafu kwenye vioo. Huyo walimwita Mfagizi.

Kisha akageukia masalia. Maji ya zamani, ya rangi ya chai, akayamwaga kwenye maua. Sponji la chujio, jeusi, lenye utelezi na harufu ya kinamasi, akalianika hadi likakauka, akalichoma nyuma ya jiko huku akiligeuza kwa kijiti lisibaki kipande. Akaenda nyumbani na roho kwatu.

Kesho yake nyenga aligoma kula minyoo. Siku ya tatu kingo za mwili wake zilijikunja kwenda juu, kama jani la tumbaku ndani ya bani. Sasa jani likijikunja vile banini ni habari njema, linakauka vizuri. Emilian alisimama mbele ya kioo, hajui afurahi au alie.

Matabibu hawakukosekana. Mpishi alisema ni upweke, perege si watu wa kuzungumza naye. Mgeni mmoja wa Nzega, mfanyabiashara wa ng'ombe, alisema ni minyoo na akajitolea kuleta dawa ya kunyweshea ndama. Bi Shamimu alisema ni jicho la watu, akaanza kukumbuka nani alikuja kula pilau Ijumaa. Emilian alimwafiki kila mmoja, maana wote walieleza vizuri.

Tumaini lake lilikuwa Mfagizi. Alikuwa ameacha vioo, amemng'ang'ania nyenga mgongoni, na kila alipobandukia aliacha duara jekundu. Emilian aliyajua maduara yale. Alipoumwa kiuno alipigwa chuku kwa pembe, akarudi na mgongo wa namna hiyo hiyo. Akampigia simu Pelagia kumwambia kwamba samaki amepata mganga wake humo humo majini, akapiga marufuku mtu yeyote kugonga kioo wakati wa tiba.

Siku ya nne tumbo la nyenga likawa jekundu. Emilian akaliona geti. Akampigia Marko, kijana wa Dar aliyemuuza yule samaki.

Baada ya shikamoo na marahaba, Marko aliuliza maji yametoka wapi, yalikaa muda gani kabla samaki hajaingia, na amonia ni kiasi gani. Hapo Emilian alikasirika. Amonia anaijua, iko kwenye mbolea, na yeye hana wazimu wa kumwekea samaki mbolea.

"Hujaweka wewe, mzee, wameweka wao. Wanakojoa humo humo. Sponji la zamani lina vijidudu vinavyokula hiyo sumu. Ulilihamisha?"

"Nililichoma."

Marko aliuliza tena, polepole.

"Ulilichoma moto?"

"Na majivu nikayafukia."

Emilian alipofika kwenye habari za Mfagizi na chuku, Marko alimkatiza. Akamweleza kwamba Mfagizi hatibu, anakula ute wa ngozi ya mgonjwa, na perege nao wanamdonoa kingo. Watolewe wote, leo. Maji yabadilishwe kidogo kidogo, yakae kwanza wazi kwenye ndoo na kupigwa mapovu hadi dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba iishe. Dawa ya ndama isisogee. Na litafutwe sponji chafu la tangi lenye samaki wazima.

Emilian alikata simu akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyopiga. Tangu utoto anaambiwa uchafu huleta maradhi, na sasa anatumwa kuutafuta haraka kabla hajachelewa.

Tangi jingine alilolijua lilikuwa kwenye kliniki ya meno ya mzee Gerson, la kijani kibichi, ambalo wagonjwa hupitisha muda wakibishana kama lina samaki.

"Shikamoo daktari," alisema mbele ya foleni yote. "Nimekuja kuomba uchafu."

Mama mmoja aliyevimba shavu alicheka, akajuta, akalishika. Gerson alivua miwani.

"Kliniki yangu ina uchafu gani, wewe?"

"Ule mweusi wa kwenye chujio. Nusu tu."

Gerson akamvutia pembeni. Akamnong'oneza kwamba tangu aache kusafisha lile tangi, samaki wake hawajaugua hata siku moja, ila asimwambie mkewe. Akakata sponji nusu kwa mkasi wa kazini, akalitia kwenye mfuko wenye maji. Emilian alilipakata juu ya bodaboda kama kichanga, dereva analalamika harufu njia nzima.

Sponji likawekwa kwenye chujio la tangi jipya, perege walikwenda jikoni, Mfagizi akatengwa kwenye beseni lake. Kila asubuhi Emilian alibadilisha ndoo mbili za maji yaliyolazwa. Kingo zilianza kushuka siku ya tano ya tiba. Siku ya tisa nyenga alikula mnyoo mmoja, na Pelagia, alipopigiwa simu, aliuliza tu kama apike ugali wa watu wawili. Emilian akasema apike.

Jumapili Bi Shamimu aliwakusanya wageni ukumbini, akamshika Emilian begani, akasema huyu haondoki hapa, huyu ni bingwa.

"Hebu waeleze, mzee, ule ulikuwa ugonjwa gani?"

Emilian aliwaza dawa ya bomba, mkojo, sponji, chuku, perege, upweke, jicho. Tiba zote alizifanya kwa pamoja, na iliyofaa hakuijua.

"Alihamishwa," akasema.