Tambara la Fundi

Baba yangu ni fundi baiskeli, na kwa ubishi hashindwi. Nilimpeleka binti yangu wa miaka sita kwenye karakana yake achaguliwe baiskeli yake ya kwanza ya gia. Mimi niling'ang'ania gia ya kubadilisha kwa kusokota mshikio wa usukani kwa kiganja, maana inapendeza.

Baba akachovya tambara kwenye maji, akampa mtoto. "Kamua, mjukuu wangu."

Akakamua mpaka uso ukakunjamana. Yakatoka matone mawili tu.

Baba akanigeukia. "Hata tambara hakamui, gia ataisokotaje? Mpe ya kubonyeza kwa kidole gumba. Kupendeza kapendezee harusini!"

Mtoto akamrudishia tambara. "Na wewe kamua, babu."

Baba akakohoa, akalitundika msumarini bila kulikamua, likichuruzika maji. Ndipo nikaitazama baiskeli yake mwenyewe. Gia ya kusokota alishaing'oa, akaweka ya kubonyeza.