Mnunuzi Asiyetia Mkono Guniani

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Mwaka huo baba alinunua ng'ombe wa maziwa, ikaonekana ng'ombe anahitaji mtu wa kumkatia majani kuliko shule inavyonihitaji mimi. Sina kinyongo. Kiswahili nilijifunzia sokoni nikiuza viazi, ndiyo maana mpaka leo nikihesabu nahesabu kwa Kiswahili, lakini nikiomba Mungu naomba kwa Kimeru. Haya ninayoandika ni mkono wangu. Mwanangu amenisaidia kuweka vituo tu, maana mimi nikianza kusema huwa sioni pa kusimama.

Na ni yeye ninayetaka kusimulia habari zake, huyu kitindamimba wangu, mpiga picha. Hajaajiriwa na mtu. Harusi, mahafali, sherehe za mahari, hata mazishi, anayemwita ndiye anayemlipa. Amepanga chumba Makutano, pale Meru mjini, nami niko huku Kibirichia na viazi vyangu na magoti yangu mabovu. Kamera anayo moja. Kabla ya hiyo alifanya kazi miaka mingi na kamera ya kuazima, na aliyemwazima alikuwa anachukua nusu ya kila alichopata. Siku aliyonunua yake alikuja akailaza kitandani kwangu kama mtoto mchanga. Nami nitasema ukweli: sikufurahi. Nilitaka awe mwalimu. Nilimwuliza mtu mzima anakulaje kwa kuambia watu wacheke.

Basi Jumatano moja, mwaka jana, alikuja nyumbani bila kupiga simu. Nilidhani kuna aliyekufa. Kumbe alikuwa amepata barua kwenye simu, hiyo wanaita barua pepe, kutoka kwa kampuni ya ng'ambo inayotengeneza vitabu vya watalii. Walikuwa wanataka mtu wa kupiga picha za mlima wetu na mabwawa ya Embu kwa miezi sita. Akanitajia mshahara. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaenda nje kumwambia ng'ombe, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine karibu.

Hapa nikiri jambo. Jioni hiyo hiyo kulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa, na kabla ya sala ya kufunga nilikuwa nimeshawatangazia. Kuna mama mmoja pale ambaye mwanawe yuko Marekani, na hatujapumzika tangu aende. Nilitaka naye ajue kwamba ng'ambo inaweza kumtafuta mtu hata akiwa Kibirichia.

Asubuhi tulikuwa jikoni tukimenya viazi ndipo akanieleza mambo mengine polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Kazi ilitaka lenzi fulani kubwa. Lenzi hiyo ilikuwa lazima inunuliwe kwa wakala wao peke yake, kwa kutuma pesa kwenye namba ya simu, kisha angerudishiwa pamoja na mshahara wa kwanza. Mwisho wa kutuma ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Pesa hizo hakuwa nazo. Kwa hiyo alikuwa ameshaongea na mpiga picha mwenzake wa Makutano amuuzie kamera. Wangekutana saa nane siku hiyo.

"Na harusi ya Kiirua ya Jumamosi?" nikamwuliza.

"Nitawaambia watafute mwingine, Mama. Hii ni bahati ya mara moja."

Kisu kikanisimama mkononi. Unajua, mimi nimeuza viazi tangu nikiwa msichana. Nimewaona mabroka wa kila aina, wakubwa wa tumbo na wadogo wa tumbo. Mnunuzi wa kweli ni mtu wa kuudhi sana. Akifika anafungua gunia ulilolishona vizuri, anatia mkono mpaka kwapani, anatoa kiazi cha katikati na kingine cha chini, anakikata kwa ukucha, anakilaumu. Ukitaja bei anashika kichwa kama amefiwa. Huyo ndiye atakulipa. Lakini kuna mwaka alikuja mmoja mwenye suruali safi. Hakufungua gunia hata moja. Alisifu viazi vyote kwa jumla, alikubali bei yangu ya kwanza, akapakia, akasema atanilipa Jumatatu. Mpaka leo hiyo Jumatatu haijafika. Hakutia mkono guniani kwa sababu hakuja kununua viazi. Alikuja kunichukua mimi.

Nikamwuliza mwanangu, hawa watu walikuita jina lako? Akasema waliandika "mpendwa mpiga picha." Walibishana bei? Hawakubishana, wao ndio waliotaja. Picha gani waliyoipenda? Akaitafuta kwenye simu, akasoma, akasema wamependa kazi zake zote nzuri.

"Katika hizo zote, ipi?"

"Mama, hao ni watu wa ofisi. Si mabroka wa viazi."

Alinijibu kwa ukali na simlaumu. Alikuwa amekaa usiku mbili akiwa tajiri. Mtu akiamshwa kwenye ndoto ya namna hiyo lazima ampige anayemwamsha. Lakini mimi niliona kamera ile inaenda, naye anarudi kwa yule wa kula nusu. Kwa hiyo sikubishana. Nikamwomba kitu kimoja tu, awaandikie kwa heshima kwamba amekubali, ila anataka kujua waliionaje ile picha yake ya ngamia wa Kibirichia.

Akaniangalia. Huku kwetu ni baridi, mashati mawili na koti. Ngamia wa mwisho niliyemwona mimi alikuwa kwenye kalenda ya duka.

"Sijawahi kupiga picha ya ngamia."

"Wewe ndiye unayejua hivyo. Tuone kama na wao wanajua."

Hii nayo si akili yangu mpya. Sokoni, mtu akisifu sana viazi bila kuvitazama, tulikuwa tunamwuliza vile vyekundu vya chini amevionaje, na gunia zima ni vyeupe. Wengine walivisifu na vyekundu.

Aliandika kwa Kiingereza huku amekunja uso, akatuma, akaweka simu kifudifudi juu ya meza. Tukaweka sufuria motoni. Viazi havijachemka simu ikalia. Akasoma. Akasoma tena. Nikaona kidevu kinacheza, nikadhani analia.

"Wanasema," akaanza, akashindwa. "Wanasema ngamia ndiye aliyewafanya wanichague mimi. Mkurugenzi ameibandika picha hiyo ofisini kwake."

Tulicheka mpaka ng'ombe akaitika nje. Nilicheka nikashika magoti. Halafu katikati ya kicheko yeye akaanza kulia kweli, nikamwacha alie, kwa sababu hata ukiponea chupuchupu umechoka. Alipomaliza akafuta uso na leso yangu na kuichunguza barua ile upya. Sasa macho yalikuwa ya mpiga picha, yanayoona vumbi kwenye koti la bwana harusi. Akaona anwani yao haina jina la kampuni, ni ya bure, ya kufunguliwa na yeyote. Akaona namba ya kutumiwa pesa imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Akatafuta kampuni yenyewe kwenye mtandao, akapata ipo kweli, na namba ya simu yao ya kweli. Akapiga. Mama wa watu huko akamwambia hawajatangaza kazi yoyote, na kwamba si yeye wa kwanza kuuliza.

Saa nane tulikuwa Makutano. Nilienda naye, magoti au hakuna magoti, maana nilitaka kusikia kwa masikio yangu akisema hauzi. Mnunuzi wa kamera alikuwa ameketi nje ya duka lake la kusafisha picha, kijana mwenye ndevu na lugha ya mjini. Mwanangu akamwambia hauzi tena. Kijana akaongeza bei. Akakataa. Akaongeza tena, akanigeukia.

"Mathe, si umwambie? Hiyo ni doo poa sana, pesa ya maana."

"Mimi sijui kamera," nikamwambia. "Najua tu haiuzwi."

Mwanangu akamsomea barua, na kijana akaacha kutabasamu. Akatoa simu yake. Barua ilikuwa ile ile, "mpendwa mpiga picha," mlima ule ule. Yeye alikuwa ameshawaandikia, anangoja tu jibu. Kumbe wawili hao walikuwa wanafichana bahati moja!

Ndipo mwanangu akaandika kwenye kundi lao la wapiga picha wa Meru na Embu, akaweka barua yote na ngamia wake. Hatujatoka pale simu zikaanza. Wengine walikuwa wanacheka, wengine wana aibu. Mmoja alipiga kutoka upande wa Embu wenye joto, kule chini. Alikuwa njiani kwenda soko la Ishiara na mbuzi saba, awauze anunue lenzi. Nilipewa simu nimsalimie. Nilisikia mbuzi wakilia nyuma yake.

"Mama," akaniambia, "nimewageuza. Hawaamini, lakini nimewageuza."

Jumapili kanisani nilisimama mwenyewe nikafuta nilichotangaza. Nilieleza yote, na wakacheka, hata mama wa Marekani. Baada ya ibada alinishika mkono akaniomba mwanangu amwonyeshe namna ya kuzitambua barua hizo, kwa sababu na wa kwake huko ameandikiwa ya kazi. Nilimkubalia polepole kidogo. Mimi ni binadamu.

Lakini nimeruka Jumamosi, na Jumamosi ndiyo yenyewe. Harusi ya Kiirua ilikuwa ya walimu wawili, hema mbili, watu hata barabarani. Nilikwenda bila kualikwa, nikasema mimi ni wa kamera. Sikuwa nimewahi kumwona mwanangu akifanya kazi siku nzima. Alipanda kiti, alilala kwenye nyasi na nguo yake safi, aliamuru wazee wa pande zote mbili wasogee na wakasogea. Mwenyekiti wa mipango alimwita "mwalimu," sijui kwa nini, nami sikumsahihisha.

Wakati wa kukata keki mvua ya mlimani ilishuka bila kubisha hodi. Watu wakakimbilia hema. Yeye hakukimbia, maharusi walikuwa wanacheka kwenye mvua na alitaka picha hiyo. Nikachukua mwavuli wa mtu, nikatoka na magoti yangu, nikausimamisha juu yake. Tulikaa hapo mpaka akatosheka. Bwana harusi alilowa, bibi harusi alilowa, mimi mwenyewe nililowa mpaka fulana ya ndani. Kamera haikuingia hata tone.