Salamu Kumi Kila Upande

Siku ya tatu baada ya kumzika mwanawe, Epiphanie alikaa mbele ya kinoo kama alivyokaa miaka thelathini na mmoja, akakimwagia maji kidogo, akaegemeza ncha ya kalamu juu yake, na mkono ukakataa kwenda.

Kalamu ndilo jina lililotumika nyumbani mwao. Kwa kweli zilikuwa vyuma vyembamba, vifupi kuliko penseli, vyenye kitako cha mti cha kutulia kiganjani, na mumewe Viateur alizitumia kuchonga majina kwenye shaba. Zilikuwa nane, na zililala kwenye kitambaa cheusi chenye mifuko minane, kila moja na wake.

Pale Gisenyi, mji wa mpakani, hukuhitaji kuuliza mara mbili nyumba ya Viateur. Kazi hiyo alifundishwa na bruda mmoja wa misheni, mzungu mpole wa ndevu nyeupe. Zamani alichonga vibao vya milango ya madaktari, vikombe vya ndoa, medali za watoto wa shule. Tangu vita vya milimani vianze hakuna aliyekuja tena kutaka kikombe. Watu walileta jina na tarehe mbili kwenye kipande cha karatasi, naye akachonga kibao cha kupigilia msalabani.

Kunoa ilikuwa kazi ya Epiphanie tangu walipooana. Bruda ndiye aliyempa bibi arusi kile kinoo akamwambia, "Mkono wa mumeo una haraka. Wewe utanoa, yeye atachonga." Saa hawakuwa nayo, basi Epiphanie alipima kazi kwa rozari. Salamu Maria kumi upande mmoja kwenye uso wa jiwe unaokwaruza, kumi upande wa pili, kisha ageuze jiwe, kumi na kumi tena kwenye uso laini. Ukipunguza, ncha inateleza. Ukizidisha, inakuwa nyembamba mno na kuvunjika. Akimaliza aligusisha ncha kwenye ukucha wa dole gumba. Ikiuma bila kuteleza, tayari.

Kwa namna hiyo alisali na kunoa, na hakuweza tena kutenga kimoja na kingine.

Alizaa watoto watano. Wawili walikufa wachanga. Wawili walikufa kwa kipindupindu ukimbizini Goma, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa tisini na nne, wiki moja, wakabebwa na lori pamoja na wengine wengi, wakafukiwa pamoja na wengine wengi. Mama yao hajui hata upande walikolazwa vichwa. Mchongaji wa majina ya makaburi, na watoto wake mwenyewe hawana hata herufi moja! Viateur hakulisema hilo kamwe, ila siku moja Epiphanie alimkuta ameshika kipande cha shaba kisicho na maandishi, anakifuta, anakifuta.

Alibaki Niyonzima, mwalimu wa darasa la tatu kule Kanama. Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka wa tisini na nane, alipanda gari la mizigo kutoka Mahoko arudi nyumbani. Gari lilipigwa risasi njiani. Nani alipiga, kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyelitoa kwa sauti. Jumatano wakamzika, msalaba wa mti, bila kibao. Wiki moja baadaye, Jumatano, ndipo matanga yangeanuliwa, ndugu warudi kwao, wanaume wakamate majembe tena. Siku hiyo kibao kilipaswa kuwa msalabani. Hakuna sheria ya kanisa inayodai hivyo. Viateur ndiye aliyesema, na mkewe akaitikia kwa kichwa: huyu mmoja, angalau huyu, atakuwa na jina kabla watu hawajatawanyika.

Sasa mkono ulikuwa juu ya jiwe na hauendi. Epiphanie alianza, "Salamu Maria, umejaa neema," akafika vizuri mpaka "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya…" Hapo akasimama. Alimwona mtoto wake kando ya barabara, saa ile, na hakuna aliyemshika mkono. Akaanza upya. Akakwama palepale. Na bila kumaliza salamu moja, atajuaje ya kumi?

"Mama Niyo, iko nini?" Viateur aliuliza kutoka kwenye meza yake.

"Mukono inaniuma."

"Ya kuume?"

"Yote."

Viateur alimtazama, akaona uso wa mama aliyefiwa, akadhani ameelewa. "Bon. Acha. Upumzike."

Hakumwambia mume kwamba sala imemkatikia kooni. Aliona aibu. Mwanamke aliyekuwa akiongoza rozari kwenye jumuiya, sasa amebaki na nusu ya sala mdomoni!

Jirani yao wa ukuta mmoja, Kamikazi, alivuka kwenda Goma kila asubuhi na beseni la nyanya kichwani. Alikuwa mwepesi wa ulimi na wa mguu. Viateur alipomweleza shida, alipiga makofi.

"Ah, muzee! Jack anaweza! Ule kijana wa Birere, kule Goma, wa kunoa visu vya mabucha, iko na cherehe ya umeme. Dakika mbili kalamu moja! Hapa kwenu mama anatumia nusu siku na Bikira Maria anachoka kusikiliza." Alicheka. "Ataleta makali ya kunyolea ndevu. Utakuwa kijana, utatafuta bibi mupya…"

Akakumbuka yuko nyumba gani, akajiziba mdomo. "Yewe, mnisamehe. Mama Niyo, nisamehe."

"Hakuna neno," alisema Epiphanie. Na kweli hakukasirika. Alifurahi kidogo, furaha ya mwoga, kwamba kuna mtu wa kumtua mzigo.

Viateur alisita. Bruda alizoea kumwambia kwamba chuma cha kuchongea hakikopeshwi wala hakitumwi, kinanolewa chini ya dari kinapofanyia kazi. Lakini bruda alikuwa amekwisha kufa, na mke wake alikuwa na maumivu. Akafunga kitambaa cheusi kwa kamba, akampa Kamikazi.

Mpakani askari walitoa nyanya moja moja na kukuta vyuma vinane vyenye ncha. Kamikazi alisimulia baadaye.

"Afande akaniuliza, 'We mama, unapeleka sindano za kuua nani?' Nikasema, 'Afande, ni kalamu ya kuandika majina ya wafu.' 'Kwani wafu wanasoma?' Nikamwambia, 'Hapana, afande. Sisi wenye kubaki ndio tunasoma.' Akanirudishia. Labda naye iko na mutu wake."

Kalamu zilikwenda Jumamosi, zikarudi Jumatatu kabla ya mchana. Ziling'aa kama vijiko vya harusi. Viateur aligusisha ya kwanza kwenye ukucha, ikauma. Ya pili, ikauma. Zote nane ziliuma.

"Jack ni fundi," alisema.

Epiphanie alisogea karibu. Kwenye kila ncha, kiasi cha punje ya mchele, chuma kilikuwa na rangi ya bluu, kama shingo ya njiwa. Aliitambua. Bruda aliwahi kumwonyesha siku moja: jiwe likienda mbio bila maji, chuma kinaungua, na chuma kilichoungua ni laini ndani hata kama ni kikali nje. Kinauma ukucha. Hakiumi shaba kwa muda mrefu.

Alifungua mdomo aseme. Lakini akisema, mume atauliza, basi nani ataondoa hiyo bluu? Na jibu ni moja. Akafunga mdomo, akaenda kupepeta maharagwe.

Kosa hilo alilibeba peke yake kwa muda wa saa mbili tu, ila yeye angekwambia lilikuwa zito kuliko vita.

Shaba iliyobaki ilikuwa kipande kimoja. Viateur alikilaza juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, akachora jina kwa penseli, akaanza. N ilitoka vizuri. I ilitoka. Kwenye Y alibadilisha kalamu mara tatu, kwa maana kila moja ilikata kidogo kisha ikaanza kukwaruza. Akasukuma kwa nguvu zaidi. Alipofika kwenye O, herufi ya mviringo, ambayo mkono wa kulia unasukuma kalamu na wa kushoto unazungusha shaba taratibu, ncha ilikunjika. Kalamu iliruka nje ya mstari, ikakwaruza shaba mpaka ukingoni, ikaingia kwenye kiganja cha kushoto.

Hakupiga kelele. Epiphanie aliona damu tu juu ya jina la mtoto.

Alimfunga kiganja kwa kanga yake ya zamani. Alifunga polepole, na alipomaliza fundo alisema, "Niliona."

"Uliona nini?"

"Bluu. Asubuhi. Chuma iliungua, nikaona, nikanyamaza."

Viateur alimtazama sana. "Kwa nini, Mama Niyo? Miaka yote hii, we ndiye unaniambia hata kama unyoya umeanguka kwenye jiwe."

"Kwa sababu ningenoa. Na siwezi kunoa. Mukono haina kitu. Ni sala." Akaanza kulia, kilio kisicho na sauti. "Nafika pale kwa saa ya kufa, siwezi kupita. Siwezi kuhesabu."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Hakuwa mtu wa sala. Jumapili alikwenda misa, lakini rozari aliiacha kwa mkewe, kama wanaume wengi wanavyoacha.

"Jumatano ni kesho kutwa," hatimaye alisema.

"Najua."

"Jack hatumrudishii tena."

"Hapana."

Jumanne asubuhi Epiphanie alikaa tena mbele ya kinoo. Alichagua kalamu mbili, kwani nane zisingewezekana kwa siku moja. Kwanza ilikuwa kuondoa bluu yote, na hilo halikuhitaji hesabu, lilihitaji macho na bega. Alisugua, akaongeza maji, akasugua. Jua lilipofika juu ya paa la jirani, kalamu ya kwanza ilikuwa imepungua urefu wa ukucha, lakini ncha ilikuwa na rangi yake ya kijivu. Ilipofika zamu ya makali, akaweka upande wa kwanza juu ya jiwe. "Salamu Maria," alianza. Alikwenda. Akafika. Akasimama, na jiwe likasimama.

Nyuma yake Viateur alikohoa.

"Sasa na saa ya kufa kwetu, amina," alisema haraka, kama mtu anayemaliza deni la mwingine. Kisha, kwa sauti ile ile ngumu, "Salamu Maria, umejaa neema, umebarikiwa kuliko wanawake wote…"

"Umeruka," Epiphanie alisema bila kugeuka. "'Bwana yu nawe' inatangulia."

"Bon. Bwana yu nawe. We sugua."

Akasugua. Mume alisali vibaya, akichanganya Kiswahili na Kinyarwanda, akirudia alichokwisha kusema. Mkono wa mke ulifuata.

"Hiyo ni ya ngapi?" aliuliza Viateur.

"Ya tano."

"Hapana, ya sita!"

"Ya tano, Baba Niyo. Ile ya kwanza nusu yake ilikuwa yangu, nusu yako, tumehesabu moja."

Walikwenda hivyo mpaka mchana. Kila walipofika pale, yeye alinyamaza na mume akasema peke yake. Kalamu mbili. Ukucha ukaumwa.

Kibao kingine hakikuwepo, na mkwaruzo ulikuwa mrefu mno kwa kufutwa. Wangeweza kugeuza shaba, lakini upande wa pili ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani. Wakabaki na kile kile. Sasa mkono wa kushoto wa Viateur haukuweza kushika kitu, na O haichongwi kwa mkono mmoja. Epiphanie alivuta kigoda, akaketi upande wa pili wa meza, akashika shaba kwa mikono yake miwili juu ya mfuko wa mchanga.

"Zungusha polepole," mume alisema. "Mi nasukuma, we unazungusha. Usiniangalie mimi, angalia ncha."

Alizungusha. Unywele wa shaba ulichomoka mbele ya kalamu, ukajikunja, ukaanguka kwenye magoti yake. O ilifunga. Haikuwa duara kamili. Upande mmoja ilikuwa imebanwa kidogo, kama yai. Wakaendelea. N, Z, I, M, A. Ilipofika zamu ya tarehe, kalamu zote mbili zilikuwa zimechoka na mwanga ulikuwa unakwisha, na saa ya kila mtu kuwa ndani kwa amri ya jeshi ilikuwa imekaribia. Tarehe hazikuchongwa.

Jumatano ndugu walikuja kutoka Cyanzarwe, wachache, waliopata njia. Padri alinyunyiza maji ya baraka. Kamikazi alisimama nyuma. Viateur alipigilia misumari minne kwa mkono wa kulia huku mkewe amemshikia kibao. Mtu mmoja aliuliza taratibu mbona kuna mkwaruzo, na mbona tarehe hazipo.

"Ni jina," alijibu Epiphanie. "Tumepata jina."

Baada ya matanga kuanuliwa, watu walianza tena kuleta karatasi zao. Alhamisi zilikuja mbili. Epiphanie alitandika kitambaa cheusi, akachomoa moja ya zile sita zilizobaki na bluu, akamwaga maji kwenye jiwe. Akasubiri kidogo.

"Baba Niyo," aliita. "Kuja hapa karibu. Mi nitaanza, we utamalizia."