Mpokea mizigo aliyegoma kugonga mhuri

Cha, cha, cha. Saa kumi na moja alfajiri, gizani, kiberiti kinatikiswa karibu na sikio.

“Tatu,” anasema mwanamke, kisha anawasha njiti moja na kuliinamia jiko. Kweli zimebaki mbili. Kwa miaka tisa sikio hilo ndilo limempa jina kwenye bohari ya kampuni ya usafirishaji anakopokea mizigo. Wenzake wanamwita Sikio, na hata meneja ameshasahau jina lake la kwenye faili.

Leo haendi kupokea mizigo. Saa tatu anakwenda kujieleza mbele ya wakubwa wa kampuni. Amesimamishwa kazi siku tisa, anakula nusu mshahara, na juu ya meza kuna barua ya kuomba radhi iliyochapwa tayari. Inasubiri sahihi yake tu. Kalamu ya pekee ya nyumba hiyo imelala juu yake.

“Wameniandikia hata majuto yangu,” anasema kwa hasira. “Kazi yangu ni kutia sahihi tu, kama mwenye wazimu anayesimamiwa mirathi.”

Kisa ni katoni moja. Mwenye duka la silaha aliileta mwenyewe kaunta, imeandikwa kwa kalamu nene: vipuri vya cherehani. Sikio akaiinamisha kidogo, kama anavyoinamisha kila katoni kabla ya kuipima.

“Vipuri vya cherehani vina kelele, kila kimoja na lake,” anaeleza. “Hivi viliviringika pamoja, vikanyamaza pamoja. Nikamwambia, mzee wangu, hebu tufungue.”

Ndani mlikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo risasi arobaini na tatu. Nyingi zilikuwa na kidonda kitakoni, pale zilipogongwa na bunduki zikakataa kulia. Mwenye duka alikuwa akizirudisha kiwandani abadilishiwe.

“Hizo zimekufa, dada,” mteja alimwambia. “Unaogopa maiti?”

“Hazijafa, zimenuna. Na aliyenuna humjui atafumuka saa ngapi.”

Kuzirudisha si kosa. Kosa ni namna. Kiwanda lazima kwanza kitoe kibali cha maandishi. Risasi zirudi katika boksi lake la asili, lenye namba ya mkupuo zilimotengenezwa, ili kiwanda kijue nyingine kama hizo ziko wapi. Zisichanganywe na mzigo mwingine, zisipande gari la abiria, na katoni ibandikwe alama ya hatari ili mpakiaji ajue amebeba nini.

Kibali huchukua wiki mbili. Mteja alitaka gari la jioni ile.

Meneja alipoitwa hakuuliza kilichomo. “Mama, gonga mhuri, huyu ni mteja wetu wa siku nyingi.”

“Mkuu, gonga wewe. Mhuri huu hapa.”

Meneja hakuugusa. Kesho yake asubuhi Sikio akapewa barua ya kusimamishwa: amemfedhehesha mteja.

Anaposimulia, sauti yake haipandi, inakazika. Miaka miwili iliyopita katoni ya namna hiyo hiyo, nayo ikiitwa vipuri, ilipita kaunta hiyo mikononi mwa mpokeaji mwingine. Ikapangwa chini ya mashine za kusaga. Mzigo ulipolemea, risasi moja ikafyatuka ndani ya katoni, na kipande cha shaba kikamwingia jichoni mpakiaji anayeitwa Baba Pacha.

Baba Pacha sasa anauza ndoo mtaa wa pili. Anaongea akicheka, lakini jicho lililobaki halicheki.

“Wasichana wanadhani nawakonyeza,” anasema. “Na kuvuka barabara lazima nigeuze shingo kama kuku. Walinipa pole na bahasha, shemeji yangu akaipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa sioni pa kuipokelea.”

Baada ya ajali ile, Sikio aliandika masharti yote kwenye kadi ngumu akaibandika ukutani, usawa wa macho ya mteja. Wiki aliyosimamishwa kadi ilibanduliwa. Mfagizi aliiokota kwenye takataka, akamletea nyumbani chini ya khanga.

“Walisema inatisha wateja,” Sikio anasema. “Jicho la Baba Pacha halikuwatisha?”

Anachotaka leo ni kidogo: arudi kaunta yake, na kadi irudi ukutani. Ataiingiza kwenye mkutano, aiweke mbele yao, na amwombe meneja aisome kwa sauti, sharti kwa sharti. Wakikataa?

Anautazama mlango wa chumba anamolala binti yake. Kodi ya nyumba haijui kugoma, na wenye haki walioshinda na njaa ni wengi.

“Mimi si jiwe,” anasema mwishowe. “Usiku wa juzi niliishika kalamu.”

Kumekucha. Binti yake wa miaka saba ametoka chumbani na sare yake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Anaitazama barua, anamtazama mama yake. Anaichukua kalamu, anaitumbukiza kwenye mkoba na kufunga zipu.

“Mama, kalamu naenda nayo shule.”