Unga Uliokataa Kugeuka Rangi

Kabati la kemikali la shule yetu lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikaa mfukoni mwa mkuu wa shule. Kabati lilifunguliwa wageni walipokuja. Walitoka kwenye ofisi za wafadhili, mtaa wa Thongpiny, wakapanga chupa mezani, wakapiga picha nasi tukiwa ndani ya makoti meupe ya kuazima, kisha chupa zikarudishwa kabatini. Mimi, mwalimu wa kemia, nilizitazama chupa hizo kama mtu anavyotazama vyombo vya harusi vya jirani. Nilipoomba kuzitumia niliambiwa, "Zikiisha, ustaz, wageni wataona nini?" Mara ya kwanza nilibishana. Mara ya tano nilisema sawa, nikarudi darasani.

Kwa hiyo nilifundisha kwa chaki. Nilichora mrija wa kioo, nikachora unga ndani yake, nikaandika kwamba ukidondosha iodini kwenye wanga, rangi hugeuka kuwa bluu-nyeusi. Darasa zima lilikariri: bluu-nyeusi, bluu-nyeusi. Hata mimi, niliyesomea ukimbizini Kenya, nilifundishwa hivyo hivyo. Juu ya ubao nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: Mwenye macho haambiwi tazama. Nikikumbuka maandishi yale leo naona haya.

Halafu ikaja nafasi moja ya kwenda Kampala kusomea kazi ya maabara, kila kitu kimelipiwa. Shule iliambiwa imchague mwanafunzi mmoja kwa mtihani wa vitendo, vitendo vya kweli. Ilibidi kabati lifunguliwe.

Niliyemtumaini alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, aliyerudi na mama yake kutoka kambini Uganda. Mama aliuza unga Nesitu, nje ya mji, pale malori yanapopumzika, na binti alikaa kwa shangazi yake mtaani Mangateen ili asome. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini aliuliza maswali yaliyonikera, na mwanafunzi wa kukukera ndiye huwa anafikiri. Aliitaka nafasi ile kuliko wote. Mdogo wake alikufa kwa homa katika kliniki ambayo haikuwa na mtu wa kupima damu. Aliniambia mara moja tu, bila kulia, kwamba yeye atakuwa mtu huyo.

Niliwaagiza kila mmoja alete kijiko cha unga wa muhogo kutoka kwao. Siku ya mtihani joto lilikuwa la kuivisha mayai, mirija haikutosha, nami nilizunguka na chupa ya iodini nikimdondoshea huyu na yule. Chupa ilikuwa ya kioo cha kahawia, na ndani ya kioo cha kahawia hata maji yangeonekana iodini. Nilipompita yule msichana aliniita.

"Ustaz, hii unga yangu haigeuki."

"Andika unachoona," nilimjibu bila kuinama. "Mtihani ni wako."

Jioni nilisahihisha. Karatasi zote zilisema bluu-nyeusi, isipokuwa yake. Aliandika: Hakuna mabadiliko. Huenda unga huu si wa muhogo. Nilikasirika, nasema kweli. Nilimwona mzembe, tena siku ya siku. Nikampa sifuri kwa kalamu nyekundu na chini yake nikaandika: Soma daftari lako. Jina la mwingine likapelekwa kwa barua.

Wiki iliyofuata nilikuwa naosha ile mirija, mmoja ukapasuka ukanikata kidole. Nikaenda duka la dawa, nikanunua iodini ya vidonda. Nilipokuwa nikijipaka, tone moja likaangukia unga uliobaki mezani pangu shuleni tangu mtihani. Ukageuka papo hapo. Nikachukua chupa ya shule, iliyokuwa bado haijarudishwa kabatini, nikadondosha kando yake. Tone lilitoka jeupe kama machozi, na unga ukabaki unga. Iodini ya wageni ilikuwa imekufa siku nyingi humo kabatini, kwa joto la chini ya mabati.

Basi hakuna hata mmoja aliyeona bluu-nyeusi siku ile. Darasa zima lilitazama unga mweupe, likaandika nilichowakaririsha. Mmoja aliandika alichokiona, na huyo ndiye niliyemwangusha.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa kweli. Kisha akasema, "Khalas, ustaz, barua imekwenda. Na tuwaambie wafadhili nini? Kwamba dawa yao iliozea kwetu?" Ningeweza kusimama pale nikapiga kelele. Nilikuwa nimechoka, nikaondoka. Siandiki hivi kujitetea.

Jumamosi nilipanda boda hadi Nesitu, ile chupa ya dukani ikiwa mfukoni mwa shati. Nilimkuta mama mezani pake na binti akipima unga kwa kopo. Kabla sijaketi mama alianza.

"Karibu, ustaz. Mimi iko na maneno na wewe. Huyu mtoto alirudi akasema unga yangu si muhogo, mtihani imeonyesha. Yule mama Mganda ananiletea, ni rafiki yangu toka kambini. Nimemfukuza. Nimemwita mwizi mbele ya watu."

Sikulitegemea hilo. Kati ya watu wote ni mtu mmoja tu aliyeuamini mtihani wangu kiasi cha kugombana na rafiki kwa ajili yake, na huyo hakuwa hata mwanafunzi.

Niliwaeleza yote. Nilisema unga ni muhogo safi, dawa ndiyo iliyokufa, na binti alikuwa sahihi kuliko darasa zima, mimi nikiwemo. Mama alishika kichwa. "Malesh," aliomba radhi, lakini hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa akitazama barabara ya Nimule, ya kwenda mpakani, anakotokea yule Mganda.

Binti aliweka kopo chini. "Na ile nafasi?"

"Imekwenda."

"Kwa nani?"

Nikamtajia. Alitikisa kichwa polepole. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mwenzake naye aliona unga mweupe.

"Nionyeshe hiyo dawa inafanya kazi," alisema.

Nilichota unga kidogo kwenye kifuniko cha kopo, nikadondosha tone. Mama aliruka: "Wee! Wateja wataona!" Binti hakumsikia. Aliinama mpaka pua ikakaribia kifuniko, akakigeuza kwenye jua, akakirudisha kivulini. Miaka minne aliikariri rangi ile na hakuwahi kuiona.

"Ustaz," alisema, "hii si bluu-nyeusi. Hii ni zambarau."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kisha nikainama. Shuleni, kwenye meza yangu, nilikuwa nimeona bluu-nyeusi, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeikariri. Pale kwenye kifuniko ilikuwa zambarau.