Zuhura Si Zahra

Kaka yangu alimpeleka mama kwa daktari kwa sababu hajui kusoma. Nasema hivyo na shahada zake mbili zimetundikwa sebuleni kwake Maskati.

Mama anaishi Ibra, mji wa bara ya Omani, na msichana wa kazi kutoka Tanga. Mama kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu bila ya irabu. Baba alipomleta Ibra, mama aliwakuta wazee wa falaji, mfereji unaonywesha mitende, wakigawana zamu za maji kwa kutazama nyota. Nyota zao hakuzijua. Aliyoijua ni Zuhura tu, akaifungulia daftari: lini imeonekana magharibi, lini imepotea, lini imechomoza alfajiri. Ila yeye huiandika kama mtu. Zuhura kaja. Zuhura kaondoka.

Siku moja kaka akalifungua daftari. Bila ya irabu, Zuhura na Zahra huandikwa sawasawa. Kaka kakulia kwenye Kiarabu, Kiswahili chake ni cha kuombea chai, basi akasoma Zahra. Zahra kaja alfajiri. Zahra hayupo, leo siku ya tano. Akamuuliza msichana kama kuna mwanamke anayeingia nyumbani alfajiri. Hakuna. Akakata shauri kwamba mama anaona watu wasiokuwepo. Mama mwenyewe hakumuuliza.

Akanipigia simu Nizwa, ninakosomesha sayansi. "Khalas, mama anakuja kukaa Maskat. Daktari kashaona daftari. Nyumba tunafunga."

Niliendesha gari hadi Ibra huku natukana peke yangu. Nikamwamkia mama shikamoo, nikaomba daftari, nikakaa chini kuhesabu. Kutoka alfajiri aliyokuja Zuhura hadi alfajiri nyingine kama hiyo: siku mia tano themanini na nne, mara zikipungua kidogo, mara zikizidi. Hesabu hiyo naiandika ubaoni kila mwaka ninaposomesha habari za Wamaya wa kale wa Amerika ya Kati. Na wao walijua kwamba nyota ya jioni na ya alfajiri ni moja, kwamba katikati hujificha kiasi cha siku nane, na kwamba mizunguko yake mitano ni miaka minane. Waliandika kwenye kitabu cha gome la mti, na leo kitabu hicho kimehifadhiwa Ulaya, wataalamu wanakisoma kwa adabu. Nakala za kurasa za mama yangu zimetiwa kwenye faili la wagonjwa.

Kaka alikuja kesho yake na mabegi matupu ya kumhamishia. Nikamwambia ile ni nyota, mpumbavu wee. Akacheka. "Wewe unamfichia tu."

Mama alikuwa anakunja kanga zake. Akamwambia kaka bila ya kupandisha sauti: "Baba, Zuhura kaondoka magharibi juzi. Siku ya sita kutoka leo atatoka mashariki, kabla ya jua. Asipotoka, nichukue."

Siku ya sita tulisali alfajiri, tukapanda darini watatu. Kaka alikuwa anatazama saa yake. Kisha ikatoka juu ya mlima, nyeupe, chini kabisa angani, na hata mtoto angeiona. Kaka akatoa simu, akaipiga picha, akaituma kwa jamaa wote: mashallah, mama yetu bingwa wa nyota. Kumwambia mama nisamehe, hakumwambia. Mabegi aliyarudisha garini yakiwa matupu, akaondoka zake.

Jamaa walisifu wiki nzima. Mama kabaki nyumbani kwake, na mimi nikajiona nimeshinda.

Mwezi uliopita nilikwenda tena, nikalifungua daftari. Baada ya alfajiri ile hakuna neno hata moja. Nikamuuliza kama macho yanamsumbua.

"Macho mazima, mwanangu," alisema. "Lakini kila nikishika kalamu, najiuliza: akilisoma mtu neno hili, atanipeleka wapi?"